Penalti ya Bwambale na Simu za Wasikilizaji

Nyinyi vijana mnaoingia redioni siku hizi, wote mnataka maikrofoni. Sijapata hata mmoja wa kuniambia, "Mama Nekesa, nifundishe kupokea simu." Haya. Maikrofoni ni tamu, sikatai. Inakupa jina, ukipita stendi ya Kasese watu wanakuita. Lakini mimi maisha yangu yote ya kazi nilikaa upande wa pili wa kioo, hedifoni sikio moja na simu sikio la pili, nikipokea watu waliokuwa na neno la kusema juu ya kipindi cha michezo na juu ya mtangazaji wake. Mtu ambaye hajapokea simu anajua kuongea tu. Redio haijui.

Niliipata kazi kwa sababu ya Kiswahili. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya saruji, akatuzaa hapa Uganda, na nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili mchana kutwa. Kituo kilitaka kipindi cha michezo ambacho kitasikika kwa Wakonzo wa milimani, kwa askari, kwa watu wa mgodini na kwa wafanyabiashara wa kutoka ng'ambo ya daraja la Mpondwe, upande wa Kongo. Lugha ya kuwaweka wote meza moja ilikuwa hiyo, ile yetu ya kuvunjavunja, kila mtu anavunja kwa mtindo wake. Wakaniita. Nikaenda na viatu vya dada yangu.

Aliyenifundisha alikuwa fundi mitambo wetu, aliyeitwa Kule, askari mstaafu, kila mtu akimwita Afande. Siku ya kwanza nilianza kubishana na mpigaji aliyesema timu fulani imenunua refa. Afande akanipiga kelele kutoka nyuma ya mashine: "Wewe mama! Simu si mahakama! Sikiliza, uliza jina, uliza mahali, peleka!" Nililia chooni, nawaambia ukweli. Lakini nilipokaa na kufikiri, kazi yote ilikuwa ndani ya hayo maneno yake.

Mengine niliyajua mwenyewe kwa kuungua. Mwambie mpigaji azime redio yake kwanza, la sivyo sauti itajizungusha na kupiga mluzi mpaka mbwa wa jirani wabweke. Mtu akikuamkia kwa furaha nyingi kupita kiasi, muulize kwanza timu yake imefungwa ngapi. Akishindwa kujibu, huyo ametoka kwenye pombe, mwambie laini imeharibika. Wa kule Bwera karibu na mpaka mpeleke hewani haraka, maana mtandao wa Kongo huingia kati ukamnyonya salio kabla hajamaliza salamu. Na anayenyamaza baada ya kusema "halo", huyo usimkate. Huyo ndiye mwenye neno.

Siku hizi wananiambia watu wanatuma sauti kwa WhatsApp, mnachagua, mnakata, mnapanga. Ni nzuri, hakuna matusi hewani. Lakini kwenye sauti iliyorekodiwa humsikii mtu akivuta pumzi kabla ya kusema. Mimi pumzi ndiyo iliyonisaidia zaidi, na mtaona kwa nini.

Mtangazaji wetu aliitwa Mbusa. Banange, jamani, yule mtu alijua kutangaza! Akikuelezea kona, wewe jikoni unainua shingo kuona kama mpira umepita juu ya lango. Hakuwa mtu wa kupayuka. Alikuwa na kicheko kifupi, halafu anashusha sauti mpira ukikaribia goli, mpaka wanaosikiliza nao wanashusha sauti zao.

Maoni juu yake? Yalikuwa kama soko la Mpondwe siku ya soko. Maman Kavira, mama wa Butembo, Kongo, aliyeuza vitenge pale mpakani, alipiga karibu kila kipindi. "Mama Nekesa, bonjour! Ule mutangazaji wenu iko anakimbia sana. Sisi batu ba huku tunabakia nyuma na balle, ule mupira. Mumuambie apunguze vitesse!" Nikimwambia Mbusa, anapunguza. Wiki inayofuata Maman anapiga tena: "Leo iko polepole kama misa. Aongeze kidogo." Mbusa anacheka, anaongeza.

Halafu kulikuwa na Mzee Opio wa Kilembe, aliyestaafu mgodini. Huyo alipiga kusema jambo moja tu. "Mimi huyu Mbusa simpendi." Namuuliza, "Kwa nini, Mzee?" "Simpendi tu. Anajisikia." Na hakukosa kipindi hata kimoja! Mbusa alipougua malaria tukaweka mtu mwingine, Mzee Opio alikuwa wa kwanza kupiga. "Huyu mtoto ni nani? Mbusa yuko wapi? Amekula?" Nikamwambia, "Mzee, si humpendi?" Akasema, "Kwani mtu usiyempenda asile?" Akakata simu.

Lakini kitu ambacho wasikilizaji walimpendea Mbusa kuliko vyote kilikuwa majina. Mnajua majina ya Wakonzo yanafuata kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa pili ni Bwambale, kwa hiyo kila nyumba yenye wavulana wawili ina Bwambale wake. Wa tatu ni Masereka, wa nne Kule, wa sita ndiye Mbusa. Sasa chukua timu mbili za huku, uwaweke uwanjani, utangaze "Bwambale anampasia Bwambale." Nani anaelewa? Watangazaji wengine walisema hivyo hivyo, na mama za wachezaji nyumbani hawakujua washangilie au wanyamaze. Mbusa hakukubali. Kabla ya mechi alikuwa anazunguka kwa wachezaji mmoja mmoja. Unatoka wapi? Unafanya kazi gani? Kisha hewani unasikia: "Bwambale wa Kasenyi, yule wa boda, anapanda na mpira, anamwona Masereka wa Kabatoro..." Mama wa Kasenyi aliyekaa na redio yake anajua: huyo ni wangu! Simu za akina mama hao nilizipokea mimi. Wengine hawakuwa na la kusema, ni "wasingya, wasingya" tu, asante, asante, halafu wanacheka.

Ndiyo maana alipokosea, kosa lilimwangukia mtu mmoja na mahali pake na kazi yake.

Ilikuwa fainali, timu ya Muhokya imekwenda Bwera kucheza na wenyeji. Mashabiki wa Muhokya walibaki nyumbani kwa sababu nauli ni kazi, wakasikiliza redio. Mbusa alitangaza kwa simu akiwa amesimama juu ya lori kando ya uwanja, nami niko Kasese namuunganisha. Mechi imekwisha sare, wanakwenda penalti, ya mwisho ni ya Muhokya. Nikamsikia Mbusa anashusha sauti. "Anakuja Bwambale wa Kasenyi, yule wa boda, namba nne mgongoni. Anaweka mpira. Anarudi nyuma..." Mpira ukapita juu, ukaenda kwenye mashamba ya kahawa. Bwera wakachukua kombe. Muhokya nzima ilisikia jina la aliyewanyima kombe, na mahali anakotoka, na kazi anayofanya.

Kumbe siye. Mnazijua timu zetu: jezi hazitoshi. Mchezaji akitoka anavua, anayeingia anavaa ile ile yenye jasho. Bwambale wa Kasenyi alikuwa ameumia goti, akatoka, na jezi yake ikavaliwa na Bwambale mwingine wa timu hiyo hiyo, kijana mchimba chumvi wa Kabatoro. Wakati wanabadilishana, mvua ilikuwa inapiga na Mbusa alikuwa amejifunika turubai juu ya lori. Alipofunua, akaona namba nne. Watu wa Bwera uwanjani hawakuwajua wageni kwa sura. Wachezaji wenyewe walijua, lakini walirudi kimya, kila mtu na uchungu wake.

Hayo yote niliyajua siku chache baadaye. Simu iliita, mtu akasema "halo", akanyamaza. Sikukata.

"Mama, ni Bwambale hapa," akasema. "Wa Kasenyi. Wa boda."

Nikasema, "Ah, pole na ile penalti, mwanangu."

"Mama, ile penalti si mimi nilipiga. Mimi nilikuwa nje, goti imefungwa kitambaa. Mimi natoa samaki Kasenyi, naleta Muhokya, napeleka Kasese. Sasa watu ya soko inakataa. Biira, yule mama ya samaki, anasema mutu aliuza mechi atauza na samaki yake. Stendi wenzangu wananizomea. Abiria akiniona anapanda ingine. Wiki hii sijabeba kitu, mama. Nyumbani kuna watoto."

Mimi naishi Muhokya. Biira nanunua kwake samaki, na maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu pale sokoni, watu wakicheka. Nikamuuliza, "Kwa nini usiwaambie nani alipiga?"

Akavuta pumzi. "Nikimtaja, hii kitu itamhamia. Ule ni mwenzangu. Sitaki kumuweka mahali mimi niko."

Yesu wangu. Mtu hana abiria, hana mzigo, na bado anamlinda mwenzake! Niliwahi kupokea simu za wakubwa wa madini na wa siasa, sikuwahi kusikia mtu mzima kama yule.

Nikamweleza Mbusa. Akakaa chini. Akapiga simu kwa kapteni wa timu, kapteni akathibitisha kila kitu. Mbusa hakula mchana ule. Alirudia kitu kimoja tu: "Nilisema nimemwona, Mama Nekesa. Nilisema nimemwona."

Meneja wetu alipopata habari akatuita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu. Kituo kingine kilikuwa kimeanza kipindi kama chetu, na alihesabu kila msikilizaji kama mtu anayehesabu mbuzi wake jioni. Akasema watu wanampenda Mbusa kwa sababu hakosei majina. Siku atakaposema hewani nimekosea jina, wataamini nini tena? Suala litasahaulika lenyewe, ligi mpya inaanza. "Ukilisema," akamwambia Mbusa, "kipindi nampa mtu mwingine. Nimemaliza."

Tukatoka. Kwenye korido nikamwambia Mbusa, "Una watoto pia." Akanijibu, "Na yeye anao. Tofauti ni kwamba wa kwake sasa hivi hawali kwa sababu ya mdomo wangu." Unafanya kazi na mtu miaka mingi, na siku moja unagundua hukuwa umemheshimu vya kutosha.

Jioni ile muziki wa kipindi ukaisha, Afande akampa ishara, Mbusa akaanza bila salamu zake za kawaida.

"Wasikilizaji, siku ya fainali niliwaambia Bwambale wa Kasenyi, yule wa boda, amekosa penalti. Niliwaambia nimemwona. Sikumwona. Niliona jezi. Yeye alikuwa ameshatoka, amekaa chini, goti limefungwa. Aliyekosa ni mimi. Nimemchukulia jina lake zuri hapa hapa kwenye redio, na hapa hapa nalirudisha. Watu wa Muhokya, nawaomba, mpokeeni nalo."

Meneja alikuwa ameshafika mlangoni kwangu. Lakini simu zilikuwa zimewaka zote, na yeye mwenyewe akasimama kuzitazama.

Ya kwanza, kijana wa Muhokya, kwa hasira: "Kama si yeye, basi ni nani? Taja!" Mbusa akamjibu polepole: "Nilitaja jina moja bila kuona vizuri. La pili silitaji." Mwingine: taja! Mwingine: unaficha kwa sababu umelipwa! Mbusa akapokea zote. Hakugombana na mtu. Maman Kavira akapita katikati yao kutoka Bwera: "Mutangazaji, mie nimesikia. Wanaume wenye kusema 'nimekosa' beko wachache, huku na kwetu. Courage, ujikaze." Halafu nikasikia sauti ya Kilembe.

"Mimi simpendi huyu mtu, unajua," akasema Mzee Opio.

"Najua, Mzee."

"Niweke hewani." Nikamweka. "Mbusa, miaka yote nimekusema. Leo sina la kusema." Akakata. Mbusa aliinama, akafuta macho kwa mkono wa shati. Nyinyi mnaopigiwa makofi kwenye simu zenu kila siku hamtajua ilimaanisha nini kusifiwa na Mzee Opio.

Ndipo ikaingia simu nyingine. "Halo." Kimya. Pumzi nzito, ya mtu ambaye amekuwa akitembea huku na huko kabla ya kupiga.

"Sema, mwanangu," nikamwambia. "Jina lako?"

"Bwambale," akasema. "Wa Kabatoro."

Nikaelewa. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nisikilize. Hakuna aliyekutaja, na Mbusa hatakutaja. Ukitaka, tunaongea mimi na wewe tu, halafu unakwenda kulala. Au una hakika unataka hewani?"

"Mama, mimi tangu ile siku silali. Yule ndugu anazomewa badala yangu na hakunitaja. Niweke."

Afande Kule alikuwa ananitazama kutoka nyuma ya mashine. Akainamisha kichwa kukubali. Nikabonyeza.

"Ni mimi," kijana akasema hewani. "Mimi Bwambale wa Kabatoro, wa chumvi. Ile penalti ni mimi nilikosa. Mguu uliteleza. Sikuuza kitu. Niliogopa. Nasema pole kwa Muhokya, na kwa Bwambale mwenzangu, pole sana." Hakukata simu.

Redio ilikaa kimya. Kwa mtu wa kazi yetu kimya hewani ni kama moto ndani ya nyumba, kila mtu hukimbilia kuuzima, lakini hakuna aliyeugusa, hata meneja. Taa ya laini ya tatu ikawaka. Nikapokea, nikasikia pikipiki inanguruma, halafu ikazimwa.

"Mama, ni mimi wa Kasenyi. Ule kijana bado anasikia?"

Nikawaunganisha wote wawili hewani. Sikuomba ruhusa kwa mtu.

"Kaka," akasema wa boda. "Najua utaogopa kupita Muhokya. Mimi nimepita, najua vile iko. Kesho asubuhi usipande gari. Nitakufuata Kabatoro na boda yangu. Tutapita sokoni wawili. Nani anataka kuzomea, azomee wawili."

Nilisikia mlango nyuma yangu. Meneja alikuwa ametoka, na wiki iliyofuata Mbusa alikuwa kwenye kiti chake kama kawaida. Hakuna aliyezungumzia tena kipindi kupewa mtu mwingine. Sikuuliza kwa nini, na nyinyi pia mkiona kitu kizuri kimetokea kazini, msikichimbechimbe.

Asubuhi ya kesho yake baada ya simu zile, nilikwenda sokoni Muhokya mapema, na sikuwa peke yangu. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya soko, wanajifanya wananunua vitunguu. Boda ikaonekana, ikapunguza mwendo. Mbele wa Kasenyi, nyuma yake kijana mwembamba wa Kabatoro, macho chini, chumvi kavu bado kwenye suruali yake. Wa boda hakupita. Akasimama katikati kabisa ya soko, akazima injini, wakakaa hapo juu wawili. Hakuna aliyezomea. Hakuna aliyeshangilia pia. Watu walikuwa wanamtazama Biira.

Biira akajifuta mikono kwenye leso, akainua kapu lake la samaki la kupeleka Kasese, akawaendea. Alimtazama wa boda kwa muda, akasema, "Nisamehe, baba." Kisha akageuka, akamwekea kapu zima mapajani yule wa chumvi.

"Na wewe wa penalti," akamwambia, "shika vizuri. Hii ukiidondosha, nitampigia Mbusa simu akutangaze."

Soko lote likapasuka kwa kicheko, na kijana naye akacheka, machozi yanamshuka, amelikumbatia kapu kwa mikono yote miwili. Wa boda akapiga kiki, wakaondoka kuelekea Kasese.